Mzigo wa Mwenzio: Historia ya Matamko katika Programu za Wavuti za Java

Mwandishi wa programu aliyetaka kutengeneza ukurasa wa wavuti kwa lugha ya Java mwaka 1997 alikuwa na kazi ya kuchosha. Teknolojia ya Servlet ilikuwa ndiyo kwanza imetolewa na kampuni ya Sun Microsystems, na ndani yake ukurasa ulichapishwa mstari kwa mstari kwa amri. Amri moja ilitoa lebo ya kufungua jedwali, ya pili ikatoa jina la mteja, ya tatu ikafunga jedwali, na hivyo hivyo hadi mwisho. Aliyetaka kubadili rangi ya kichwa cha habari tu alilazimika kuusaka mstari wenye rangi hiyo katikati ya mamia ya amri za Java, kisha kuikompaili programu upya. Miaka saba baadaye, Machi 2004, kilitoka JavaServer Faces, kiunzi ambacho mtumiaji wake aliandika tu kwamba hapa pana kisanduku cha kujazia umri, kwamba lazima kijazwe, na kwamba namba isizidi 120. Namna ya kukichora kisanduku, kuipokea namba, kuikagua na kumrudishia mtu ujumbe wa kosa, yote hayo yaliachiwa kiunzi. Mabadiliko haya, kutoka kuamuru kila hatua hadi kutamka kinachotakiwa, husimuliwa kwa kawaida kama historia ya kupunguza kazi. Ushahidi wa miaka hiyo unaonyesha kwamba kazi haikupungua, ilihama mabega. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na viunzi vya Java vilistawi au kuanguka kwa kadiri vilivyokumbuka kwamba mzigo uliohamishwa bado ni mzigo, na kwamba aliyeutua ana haki ya kujua nani ameubeba na anaupitisha njia gani.

Tofauti kati ya amri na tamko ni ya zamani kuliko Java. Mwaka 1970, Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha pendekezo lake la kupanga data katika majedwali ya mahusiano. Wakati huo, programu iliyotaka taarifa kutoka ghala la data ilibidi iijue njia yenyewe: ianze rekodi ipi, ifuate kiungo kipi, irudi wapi. Codd alitaka mtu aseme anachotaka, na njia itafutwe na mashine. Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM pia, walilipa wazo hilo lugha mwaka 1974, ile ambayo leo tunaiita SQL. Shaka ya wakati huo ilikuwa ya haki: mashine itawezaje kuchagua njia vizuri kama fundi anayeijua data yake? Jibu lilitoka katika mradi wa System R, ambako Patricia Selinger na wenzake walieleza mwaka 1979 jinsi mfumo unavyoweza kukadiria gharama ya kila njia na kuchagua iliyo nafuu. Hapo kanuni nzima ilikwisha kuonekana. Kazi ya kutafuta njia haikutoweka, ilihamia kwa kundi dogo la mafundi wa hifadhidata, walioifanya mara moja kwa niaba ya mamilioni. Na hifadhidata nyingi zikaweka dirisha, amri iitwayo EXPLAIN, ambayo humwonyesha aliyetamka ni njia gani imechaguliwa kwa ajili ya tamko lake. Dirisha hilo dogo ndilo litakalotupimia viunzi vya Java.

Wavuti wenyewe ulizaliwa ukiwa wa matamko. Tim Berners-Lee alipoitengeneza HTML katika kituo cha CERN, alimwezesha mtu kusema kwamba haya maneno ni kichwa cha habari na yale ni kiungo, akakiachia kivinjari jukumu la kuamua vitaonekanaje. Servlet ilikuwa hatua ya kurudi nyuma katika jambo hilo, kwa kuwa ilichukua lugha ya matamko ikaifungia ndani ya amri. Ndiyo maana mwaka 1999 Sun ilitoa JavaServer Pages, iliyogeuza mambo: ukurasa ukawa HTML tena, na vipande vya Java vikapachikwa ndani yake palipohitajika. Msanifu wa kurasa alipata nafasi ya kufanya kazi bila kumsubiri mwandishi wa programu. Lakini mlango uliofunguliwa haukuwa na kizingiti. Waandishi walianza kutia ndani ya ukurasa mmoja maombi ya hifadhidata, hesabu za biashara na rangi za vitufe, na baada ya muda msanifu hakuweza kuugusa tena bila kuvunja kitu. Dawa ilitafutwa kwenye lebo maalumu, ambazo ukurasa uliweza kuzitumia kama lebo za kawaida za HTML huku Java ikikaa nyuma yake. Mwaka 2002 zikakusanywa lebo za msingi katika maktaba sanifu, ili hata kurudia safu za jedwali kuwe tamko.

Wakati huohuo Craig McClanahan alikuwa amelishughulikia tatizo la juu zaidi, la programu nzima. Kiunzi chake, Struts, alichokikabidhi kwa wakfu wa Apache mwaka 2000, kilitumia mgawanyo ambao Trygve Reenskaug aliubuni Xerox PARC mwishoni mwa miaka ya 1970: data mahali pake, sura mahali pake, na mwelekezaji kati yake. Jambo jipya lilikuwa faili moja la XML lililokuwa ramani ya programu. Anwani hii inapoitwa, darasa hili la Java lifanye kazi; likifaulu, nenda ukurasa ule; likishindwa, rudi huku. Kabla ya hapo njia hizo zilikuwa zimetawanyika ndani ya msimbo, na mgeni kazini aliweza kuzijua tu kwa kuusoma wote. Sasa aliweza kuona safari zote za mtumiaji katika faili moja, hata kabla hajasoma mstari wowote wa Java. Faida hiyo ya kusomeka husahaulika na wanaodhani tamko ni mkato wa kuandika.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, uko kwenye miamala. Fikiria fedha zinazotoka akaunti moja kwenda nyingine. Zikikatwa huku na umeme ukazimika kabla hazijaongezwa kule, fedha zimepotea. Kwa hiyo hatua zote mbili lazima zifaulu pamoja au zifutwe pamoja. Kwa njia ya amri, mwandishi hufungua muamala, hufanya kazi, huuthibitisha, na kila mahali panapoweza kutokea kosa hukumbuka kuurudisha nyuma. Akisahau mahali pamoja katika mia, kosa litajificha hadi siku mbaya. Enterprise JavaBeans, iliyotoka mwaka 1998, ilimruhusu aseme tu kwamba kazi hii lazima ifanyike ndani ya muamala. Chombo kinachoiendesha kikaufungua na kuufunga. Hapa mzigo ulihamia kwa anayeubeba vizuri kuliko mwenyewe, kwa sababu mashine haisahau. Usalama nao ulitamkwa vivyo hivyo: kurasa zilizo chini ya anwani fulani ni za wahasibu tu, na seva ikasimama mlangoni.

Atakayepinga ana kumbukumbu za kutosha upande wake. Miaka ya mwanzo ya karne hii, programu ya kawaida ya kampuni ilikuwa imezama katika mafaili ya XML. Kitu kidogo kilihitaji kutajwa katika mafaili matatu, na herufi moja iliyokosewa iligunduliwa pale tu programu ilipowashwa. Mwaka 2002 Rod Johnson alichapisha kitabu kilichochambua uzito huo na kuonyesha kwamba kazi nyingi za kampuni hazikuhitaji Enterprise JavaBeans hata kidogo. Je, hiyo si hukumu juu ya njia ya matamko? Tazama alichokitupa na alichokibakiza. Kiunzi cha Spring, kilichotokana na msimbo wa kitabu hicho na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2004, kilikiacha chombo kizito, lakini tamko la muamala kilililinda kama mboni ya jicho. Kisha Java 5, iliyotoka Septemba 2004, ikaruhusu alama za maelezo zinazoanza na @ kuandikwa juu ya darasa au kazi yenyewe, na tamko likahama kutoka faili la mbali likaja kukaa kando ya kitu linachokieleza. Kufikia Java EE 6, toleo la mwaka 2009 la Java ya makampuni, sharti kwamba jina lisiwe tupu liliandikwa mara moja juu ya sehemu ya data, na fomu ikalitii sawa na hifadhidata. Waliochoshwa na XML hawakurudi kwenye amri. Walichokataa ni tamko lililotengwa na jambo lake, lisiloweza kukaguliwa mapema, na lililoandikwa kwa lugha isiyo ya yeyote: mjuzi wa biashara hakuielewa, na mjuzi wa Java aliiona usumbufu.

JavaServer Faces ndiyo iliyolipeleka wazo hili mbali kuliko wote. Ilipangwa waziwazi kwa ajili ya mtu wa kampuni anayeijua biashara yake kuliko anavyoijua itifaki ya HTTP, mtu aliyezoea kuchukua kitufe kwa kipanya na kukiweka kwenye fomu ya kompyuta ya mezani. Sun ilitoa mwaka huohuo wa 2004 chombo cha kuchorea kurasa, Java Studio Creator, kwa ajili yake. Nyuma ya pazia, kila ombi lilipitia hatua sita: kuujenga upya mti wa vijenzi vya ukurasa, kuvigawia thamani zilizotumwa, kuzikagua, kuziingiza kwenye data ya programu, kuifanya kazi iliyoombwa, na mwisho kuchora jibu. Mpango huu ni wa akili kubwa. Namba isiyo halali haifiki kamwe kwenye data ya programu, kwa kuwa ukaguzi una hatua yake na hatua hiyo hutangulia. Asiyejua lolote kuhusu hatari ya data chafu analindwa bila kuomba. Anayeudharau mpango huo leo hana budi kueleza angeulinda vipi mfumo wa watu mia wasio na ujuzi sawa.

Hata hivyo JavaServer Faces ilifanya kosa ambalo SQL haikulifanya: ilimfungia mtamkaji dirisha. Ili aamini kwamba anatengeneza fomu ya kompyuta ya mezani, wavuti ulifichwa. Kurasa zilitumwa karibu zote kwa njia ya kuwasilisha fomu, hivyo mtu hakuweza kuihifadhi anwani ya ukurasa alioufikia na kuirudia kesho. Hali ya mti wa vijenzi ilitunzwa kwenye kumbukumbu ya seva kwa kila mtumiaji, au ikabebwa ndani ya ukurasa wenyewe, na gharama yake haikuonekana popote katika tamko. Kitufe kikibonyezwa bila lolote kutokea, mwandishi hakujua kati ya hatua zile sita ni ipi iliyokwama, na ili ajue alilazimika kujifunza kila kitu alichoahidiwa kwamba hatahitaji kukijua. Kampuni ya ThoughtWorks ilipowashauri wasomaji wa ripoti yake ya teknolojia, Januari 2014, waache kuanzisha kazi mpya kwa JavaServer Faces, sababu iliyotoa ilikuwa hiyohiyo: kiunzi kinajaribu kuficha HTML, CSS na HTTP, na mficho huo unamrudia mwandishi.

Walikuwapo waliokataa njia hii tangu mwanzo, na hoja yao ni nzito kuliko malalamiko ya XML. Jonathan Locke alianzisha kiunzi cha Wicket mwaka 2004 kwa msimamo kwamba ukurasa ubaki HTML safi, yenye alama tu ya kuonyesha kijenzi kiko wapi, na tabia yote iandikwe kwa Java, ambako kompaila hukagua na zana za kazi husaidia. Google ilienda mbali zaidi Mei 2006 kwa kiunzi chake cha GWT: mwandishi aliunda skrini nzima kwa amri za Java, na zikatafsiriwa kuwa JavaScript. Kwa hoja yao, lugha ya pili ya matamko ni mzigo usiohitajika kwa mtu ambaye tayari ana lugha kamili mkononi. Lakini angalia kilichofuata. Skrini zilizojengwa kwa amri zilifanana na zile servlet za 1997: umbo la ukurasa lilipotea ndani ya mamia ya mistari ya kuunda na kuambatisha, na msanifu akafungiwa nje tena. Desemba 2009, GWT 2.0 ikaleta UiBinder, ambayo kwayo skrini hutamkwa kwa XML. Wicket kwa upande wake ilidumu, na nadhani ilidumu kwa sababu haikuyakataa matamko; iliyawekea mpaka. HTML ilitamka umbo, Java ikaamuru tabia, na mpaka ukaonekana kwa macho. Huko Taiwan, ZK ya kampuni ya Potix, iliyoanza mwaka 2005, iliteka wengi kwa mpangilio wa kinyume, skrini za XML zenye utajiri, lakini nayo ilimwachia mwandishi uhuru wa kuijenga skrini ileile kwa Java pale tamko lilipomshinda.

JavaServer Faces yenyewe ilisikia. Jacob Hookom alikuwa amebuni Facelets mwaka 2005, namna ya kuandika kurasa iliyouacha mfumo wa JavaServer Pages, ambao haukupatana na mti wa vijenzi, na toleo la 2.0 la mwaka 2009 likaifanya kuwa njia rasmi. Toleo hilohilo lilizipa kurasa anwani zinazoweza kuhifadhiwa, likaondoa sehemu kubwa ya XML, na likakiri kwamba kivinjari kina maisha yake. Kiunzi hakikupona kwa kuongeza mficho. Kilipona kwa kuupunguza. Bado kipo, kwa jina la Jakarta Faces, tangu Java ya makampuni ilipokabidhiwa Eclipse Foundation.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya kale, kwa kuwa skrini sasa hujengwa ndani ya kivinjari kwa JavaScript, na seva ya Java imebaki kutoa data. Kweli kazi imehamia huko, lakini imekwenda na wazo lake. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, iliwavutia watu kwa ahadi ya kutamka: eleza skrini iwe na sura gani kwa hali fulani ya data, nami nitatafuta mabadiliko madogo kabisa ya kuifikisha hapo. Zana zake za uchunguzi huonyesha mti wa vijenzi na hali ya kila kimoja wakati programu inaendelea kufanya kazi. Wajenzi wake walifungua dirisha ambalo Java ilichelewa kulifungua. Na kwenye seva, Spring Boot ya mwaka 2014 imejaa alama za @ zinazotamka anwani, miamala na usalama.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, tena wa upande ambao mabishano ya viunzi huusahau. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, katika mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake, wakiwemo Taasisi ya Regenstrief ya Indiana. Ndani yake, swali jipya la kliniki haliongezwi kwa kubadili majedwali wala msimbo. Hutamkwa katika kamusi ya dhana, pamoja na aina ya jibu linalokubalika. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioandikwa kwa Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliuanza nchi nzima mwaka 2011, hutumia kanuni hiyohiyo. Afisa wa takwimu hutamka kiashiria kwa kutaja kiasi chake na asili yake, yaani namba ya juu na ya chini ya sehemu, na hutamka sharti la ukaguzi, kwa mfano kwamba watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo wasizidi waliopata ya kwanza. Mfumo huhesabu kwa kila wilaya na kila mwezi. Mwandishi wa programu hahitajiki pale, kwa sababu kiasi na asili ni lugha ambayo afisa huyo aliijua kabla ya kuiona kompyuta. Na takwimu ikimtia shaka, anaweza kuifungua fomula, kuona namba zilizoingia, na kushuka hadi kituo cha afya zilikotoka.

Hapo ndipo historia ya matamko ya Java inapofikia maana yake. Kiunzi kilichoahidi kwamba mtu hatahitaji kujua kitu kilimgeuza mtegemezi, na siku ahadi iliposhindwa alibaki hana la kufanya. Kiunzi kilichompa lugha ya kazi yake mwenyewe, kikamwachia njia ya kushuka na kukagua, kilimpa mamlaka. Muuguzi wa Eldoret na mhasibu wa benki hawana haja ya kubeba mzigo wa muamala au wa itifaki, na ni haki wautue. Ila wanaoubeba kwa niaba yao wanawiwa jambo moja: wasiufunike, ili siku ukianguka ionekane wazi umeangukia wapi.